Pima kwanza kabla ya kununua prosesa ya Flight Simulator

Kwenye Microsoft Flight Simulator 2020 washa Developer Mode, kisha Display FPS (kisanduku kinachoonyesha fremu, yaani picha, kwa sekunde), zima V-Sync inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini, na uegeshe ndege nzito ya abiria pale Heathrow, uwanja mkubwa wa ndege wa London. Kisanduku kikiandika "Limited by MainThread" (uzi mkuu wa prosesa ndio unaochelewesha), shusha Render Scaling, ukubwa wa picha inayochorwa, hadi 50. Fremu zisipopanda, prosesa ndiyo inayokubana.

Hapo usihangaike na wingi wa kore, maana kazi kubwa inabebwa na uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa kazi kwenye kore moja, unaosubiri data kutoka RAM. Tafuta kache kubwa ya L3, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Mwenye ubao mama wa AM4 (soketi ya prosesa za AMD) achukue Ryzen 7 5800X3D: ina MB 96 za kache hiyo, wakati 5800X ina 32 tu, na ingawa kasi yake ya juu ni ndogo kidogo (GHz 4.5 dhidi ya 4.7) kwenye simuleta inaishinda. Sasisha BIOS, programu ya ubao inayowasha mashine, prosesa ya zamani ikiwa bado imo, la sivyo mashine huenda isiwake kabisa. Feni ununue kando, haimo kwenye boksi.

Ukisoma "Limited by GPU" (kadi ya picha ndiyo inayobana), kawaida kwa wanaorusha kwenye skrini ya 4K, hela hiyo iwekee kadi ya picha.