Mashtaka Dhidi ya Mchungaji Yakifika Mezani kwa Wazee

Mimi ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa, mwaka wa 11 sasa. Dada mmoja wa kwaya alipokuja na mama yake mdogo kutueleza alichotendewa na mchungaji wetu kwenye maombi ya faragha, swali la kwanza tulilomuuliza lilikuwa: "Nani mwingine anajua?" Nililiuliza mimi. Niliona bega lake likishuka. Alikuwa ameshaelewa kwamba tunahofia habari kutoka nje kuliko tunavyomhofia yeye kuumia. Nawaandikia wazee na mama wa kanisa ambao siku hiyo haijawafikia, ili dada kama huyo akija kwenu asikutane na swali lile.

Wamsikilize watu wawili tu, si baraza zima, na mmoja awe mwanamke kama aliyeumizwa ni mwanamke. Mahali achague yeye. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, asome, asahihishe, mtie tarehe, abaki na nakala. Mwambieni tangu mwanzo ni nani watakaoelezwa. Msimwahidi siri msiyoweza kuitunza. Mshaurini asifute ujumbe wowote kwenye simu.

Msimtume kwa mchungaji "wakayamalize". Atatokea mtu na Mathayo 18:15 mkononi, kwamba ndugu akikukosea nenda ukaseme naye ninyi wawili. Mwombeni arudi nyuma hadi aya ya 6, penye jiwe la kusagia shingoni mwa anayewakosesha wadogo. Binti aliyefungiwa mlango na mtu anayemwita baba wa kiroho hawezi kurudishwa chumba kilekile peke yake kwa jina la Maandiko. Na anayesema tusimguse mpakwa mafuta wa Bwana, mkumbusheni kwamba nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi kumkemea, naye Daudi alikuwa mpakwa mafuta.

Kama aliyeumizwa ni mtoto, nendeni polisi au ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Msimhoji ninyi. Mtoto akirudiarudia habari yake mbele ya watu wazima wengi anaumia upya, na ushahidi unaharibika. Mtu mzima ataamua mwenyewe kama atashtaki. Kazi yenu ni kumsindikiza akitaka.

Kisha msimamisheni mchungaji huduma, kabla ya uchunguzi. Kusimamishwa si hukumu, na mwambieni hivyo kwa barua. Ila kuwe kusimamishwa kweli: funguo za ofisi, kutembelea nyumba za waumini, akaunti, makundi ya simu. Sisi tulimwondoa mimbarini tukamwacha kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Siku ya pili akaandika, "Niombeeni, niko vitani." Amina zikamiminika, zaidi ya 60. Dada yule alikuwa kwenye kundi lile, anazisoma moja moja, na nyingine zilitoka kwa wenzake wa sauti ya kwanza.

Uchunguzi wapeni watu wa nje wasiolishwa na mchungaji wala kumlisha. Mwaka 2022 uchunguzi huru juu ya Southern Baptist Convention, umoja wa makanisa ya Kibaptisti ya Marekani, ulionyesha kwamba ndani ya ofisi kuu kulikuwa na orodha ya watuhumiwa zaidi ya 700, huku manusura waliokuwa wakiomba orodha ya namna hiyo wakiambiwa haiwezekani. Wenye nyumba walijua. Kwa hiyo katibu mwenzangu, hata kikao kikiisha kwa machozi, andika muhtasari, kila mzee atie sahihi, nakala moja ikae nje ya ofisi ya mchungaji.

Tangazo la kanisani ndilo lililotuumiza zaidi. La kwanza lilisema mchungaji "amepumzika kwa sababu za kibinafsi". Ndani ya wiki tatu uvumi ulikuwa umeshampa dada yule mimba na hongo. La pili tuliliandika upya, yeye mwenyewe akalisoma kwanza: "Mchungaji ametuhumiwa kumdhalilisha kingono muumini aliyekuja kwake kuombewa. Amesimamishwa. Uchunguzi unafanywa na watu wasio wa kanisa hili. Msimtafute wala kumtaja aliyeleta malalamiko. Mwenye jambo lingine aende kwa hawa wawili." Wakaja wengine wawili. Uchunguzi ukithibitisha, semeni pia mbele ya wote. 1 Timotheo 5:19 inadai mashahidi, lakini aya ya 20 inadai kukemea hadharani, na wengi huishia ya 19. Msiite "uzinzi" wala "kuanguka". Mwenye mamlaka juu ya roho ya mtu akiyatumia kumpata, huo ni udhalilishaji.

Waumini nao watavurugika, wengine kwa hasira, wengine kwa kumtetea. Wakusanyeni katika vikundi vidogo, si mkutano mmoja mkubwa wa kupigiana kelele. Mama mmoja aliniuliza kama ubatizo wa mwanawe bado ni halali. Ni halali, kanisa lilijibu hilo tangu siku za Askofu Augustino alipowapinga Wadonato, waliokataa ubatizo wa wachungaji wenye doa, kwamba ubatizo ni wa Kristo, si wa mkono uliomwaga maji. Mke wa mchungaji na watoto wake wasisahauliwe. Wanahitaji mlezi wao wa kiroho, asiwe yule anayemhudumia manusura.

Msimharakishe mtu kusamehe, na msiandae ibada ya upatanisho ambayo aliyeumizwa hakuiomba. Mlipieni ushauri nasaha kwa mshauri aliyemchagua mwenyewe, asiye wa kanisa, na msiweke tarehe ya mwisho. Sisi tulianza kwa kusema miezi sita, mweka hazina akasimama akauliza nani kati yetu anajua kidonda cha mwenzake kitapona lini. Tukafuta mstari ule. Dada yule hajarudi kwaya, huu mwaka wa tatu, na ankara ya mshauri bado tunailipa.