Somo: Kuweka mipaka ya uhakika kwenye spektra

Ukipitisha ishara yoyote kwenye programu ya Fourier, utapata spektra, yaani mchoro wa nguvu ya ishara katika kila masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, Hz), na mchoro huo utatoka na vilele, hata kama ulichorekodi ni kelele tupu. Somo hili ni la kujua mchoro huo unaaminika kwa kiasi gani.

Hatua ya 1: Safisha data. Ondoa wastani. Kama data inapanda au kushuka taratibu, ondoa mwelekeo huo pia, la sivyo nguvu iliyo karibu na sifuri itavujia masafa ya jirani.

Hatua ya 2: Usiitegemee periodogramu ghafi, yaani spektra iliyotokana na kupitisha data yote mara moja bila kutafuta wastani. Hapa tutulie kidogo. Wengi hudhani ukirekodi kwa muda mrefu zaidi mchoro utatulia. Hautulii. Kwa kelele, kadirio la kila masafa huyumba kwa kiasi kinacholingana na thamani yenyewe, uwe na sampuli 1,000 au milioni moja. Data ya ziada inakuletea pointi nyingi zilizosogeleana, na kila pointi inayumba vilevile.

Hatua ya 3: Kata vipande, tafuta wastani. Ndiyo njia aliyoieleza Welch mwaka 1967. Tuseme una sekunde 10 za data, sampuli 1,000 kila sekunde. Kata vipande 10 vya sekunde moja moja, kila kimoja ukipitishe kwenye dirisha la Hann (uzito unaofifisha ncha za kipande), tafuta periodogramu yake, kisha jumlisha zote ugawe kwa 10. Mtawanyiko (variansi, kipimo cha kuyumba kwa kadirio) unashuka hadi sehemu moja ya kumi. Gharama yake ni kwamba pointi za masafa zilizokuwa zimeachana kwa 0.1 Hz sasa zinaachana kwa 1 Hz, na vilele viwili vilivyokaribiana vinaweza kuungana. Kwa hiyo amua mapema unatafuta nini.

Hatua ya 4: Hesabu mipaka. Vipande K visivyoingiliana vinakupa digrii za uhuru (idadi ya taarifa huru zilizo kwenye kadirio) 2K. Kwetu ni 20. Jedwali la kai-skwea (mgawanyo wa takwimu unaoeleza kuyumba kwa makadirio haya) kwa uhakika wa asilimia 95 linatoa 9.59 na 34.17. Zidisha kadirio kwa 20/34.17, yaani 0.59, upate mpaka wa chini, kwa 20/9.59, yaani 2.09, upate wa juu. Vipande kumi vyote hivyo, na bado thamani halisi yaweza kuwa maradufu ya unachokiona! Periodogramu moja ghafi ndiyo balaa: mipaka yake ni 0.27 hadi 39.5.

Chora kwa desibeli. Mipaka inakuwa na upana uleule kila mahali, desibeli −2.3 na +3.2, hivyo mstari mmoja wa wima pembeni mwa mchoro unatosha.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, vipande vikiingiliana nusu kwa nusu je?*
Fanya hivyo. Hann hufifisha ncha za kila kipande, na kuingiliana kunaokoa data ya hapo. Vipande vitakuwa 19, ila usihesabu digrii 38 kwa kuwa vinachangia data. Chukua 36.

*Nikiongeza sifuri mwishoni mwa data mchoro unakuwa laini. Uhakika nao unaongezeka?*
Hapana. Umeongeza pointi, taarifa ni zilezile.

*Kilele changu kimevuka kiwango cha asilimia 95 cha kelele, yaani kile ambacho kelele tupu huvuka kwa asilimia 5 tu. Nimepata ishara ya kweli?*
Umekagua masafa mangapi? Ukikagua 500, kelele tupu itavusha kama 25 kwa bahati tu. Kama hukuwa umelenga masafa maalumu kabla ya kutazama, gawa ile asilimia 5 kwa idadi ya masafa uliyokagua, ndipo uweke kiwango kipya. Binafsi hugawa pia data mara mbili: kilele kisichoonekana kwenye nusu zote mbili nakitilia shaka.

*Napima mtetemo wa mota inayobadilisha kasi. Naweza kutumia hii?*
Si kwa rekodi nzima. Hesabu hizi zinadai tabia ya ishara isibadilike tangu mwanzo hadi mwisho. Chagua sehemu ambayo kasi imetulia, uanzie hatua ya 1.