Namna ya kupima upepo wa siasa kabla ya kununua nyumba

Mimi ni mthamini wa nyumba, na uchaguzi ukikaribia au bajeti ikisomwa, simu haziishi: "Bei zitashuka lini?" Nawajibu waiache bei kwanza, maana bei ndiyo ya mwisho kupata habari. Muuzaji hakubali upesi kwamba nyumba yake imepoteza thamani. Ataliacha tangazo lichakae miezi kadhaa kabla ya kupunguza chochote.

Anza na riba. Shika kalamu. Mkopo wa 100,000 wa miaka 30, kwa sarafu yoyote unayotumia, rejesho lake la mwezi ni kama 422 riba ikiwa asilimia 3. Ikiwa asilimia 7, rejesho ni kama 665. Sasa geuza hesabu: mwenye uwezo wa kulipa 422 tu, kwa riba hiyo ya 7 atakopeshwa kama 63,000. Mshahara wake haujaguswa, lakini zaidi ya theluthi ya nguvu yake ya kununua imekwenda.

Huko Marekani, benki kuu ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri, na Julai 2023 ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Wengi walisubiri bei zianguke. Kilichoanguka ni idadi ya nyumba zilizouzwa, kwa sababu wenye mikopo ya zamani ya riba ndogo hawakuona sababu ya kuhama. Ndiyo maana nakushauri uchague nyumba kadhaa zinazouzwa katika mtaa unaoutaka, uandike kwenye daftari siku tangazo lilipotoka, bei ya kwanza, kila punguzo, na siku lilipoondolewa. Kisha muulize dalali ni ngapi kati ya hizo zimeuzwa kweli na ngapi zimeondolewa tu sokoni. Madalali hawalipendi swali hilo, nami silichoki.

Kwenye siasa, ahadi ya jukwaani isikukimbize mpaka uone muswada na tarehe ya kuanza kutumika. Ila kuna jambo moja lisilosubiri sheria: serikali itapata wapi fedha. Septemba 23, 2022, waziri wa fedha wa Uingereza, Kwasi Kwarteng, alitangaza punguzo kubwa la kodi bila kueleza vizuri pengo litazibwa na nini. Riba za hati fungani za serikali, yaani karatasi ambazo serikali huziuza ili kukopa, zikaruka, na ndani ya siku chache wakopeshaji walikuwa wameondoa sokoni mamia ya aina za mikopo ya nyumba. Bunge lilikuwa halijapitisha kitu. Ukisikia punguzo la kodi litakalogharamiwa kwa kukopa, angalia hati fungani wiki hiyohiyo, kwa kuwa mikopo ya riba isiyobadilika huzifuata.

Jihadhari pia na msamaha wa kodi kwa wanunuzi. Uingereza ilipolegeza ushuru wa stempu, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba, kuanzia Julai 2020, watu walikimbizana kumaliza ununuzi kabla ya mwisho wa Juni 2021, na bei zikapanda. Nafuu wanayopewa wanunuzi wote, muuzaji naye anaijua, na huidai sehemu yake. Linganisha gharama yote, bei pamoja na ushuru, kabla na baada ya tarehe ya mwisho.

Udhibiti wa kodi za pango unawahusu zaidi wanaonunua ili wapangishe. Hapo fuatilia na mahakama: sheria ya jiji la Berlin ya mwaka 2020 iliyoweka ukomo wa kodi za pango ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Aprili 2021, na baadhi ya wapangaji wakatakiwa kulipa tofauti kati ya kodi iliyopunguzwa na ile ya mkataba.

Mwisho kabisa, rudia ile hesabu ya rejesho ukiongeza asilimia 3 juu ya riba uliyopewa (7 iwe 10), hasa kama mkopo wako ni wa riba inayobadilika. Fanya hivyo ukijihesabia miezi 6 bila mshahara, ukilipa kwa akiba tu, na uongeze miezi hiyo ikiwa ajira yako inategemea serikali au kampuni inayoishi kwa zabuni zake. Hesabu ikikataa, tafuta nyumba ndogo zaidi, akiba hiyo usiiguse kwa kununulia.