Mtambo wa umeme wa kupikia bia: usiuamini mpaka upime

Usiiamini namba ya joto kwenye kioo cha mtambo. Kihisi cha joto kiko chini karibu na koili ya kupashia maji, wakati kimea chako kiko juu kwenye kikapu. Wangu ulikuwa ukiandika nyuzi 67 za Selsiasi huku katikati ya kimea, nikizamisha kipimajoto cha mkono, napata 63. Tofauti hiyo inabadilisha bia: ukiloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 63 inatoka kavu na nyepesi, kwenye 68 inabaki na uzito mdomoni. Basi pima mwenyewe, kisha pandisha namba taratibu.

Kimea kimwage kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka mabonge yaishe. Subiri dakika kumi ndipo uwashe pampu inayorudisha maji ya chini juu ya kimea, na valvu yake uifungue nusu tu. Hapa wengi wanakosea. Pampu ikivuta kwa nguvu, kimea kinajishindilia kama udongo, maji yanajaa juu na kushukia kwenye bomba la kufurikia bila kupita kwenye kimea, na chini koili inaweza kubaki bila maji ya kutosha. Ukiona maji ya juu yanapanda, punguza mara moja. Ukitumia ngano nyingi, changanya makapi ya mpunga yaliyooshwa, yanafungua njia.

Wakati wa kuloweka punguza pia wati, kama mtambo unaruhusu, unga usigandie chini ukaungua. Harufu ya kuungua haitoki tena kwenye bia.

Ukishatoa kikapu cha kimea, kuchemsha maji yaliyobaki ni saa moja, bila mfuniko. Kama mchemko ni dhaifu, uvalishe mtambo koti la kuzuia joto. Mimi nilizungushia godoro jembamba la mazoezi, nikaona mapovu yanabingirika kweli.