Kushikia Darasa la Watoto Wadogo: Namna ya Kusema kwa Upole Bila Kulegea

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu mbadala hapati hata siku moja ya ugeni: anakabidhiwa jembe mlangoni, asubuhi ileile anayofika, mbele ya watoto ambao hajui majina yao, hajui nani hapatani na nani, wala hajui kwa nini mmoja wao ameanza kulia kabla yeye hajafungua kinywa. Mwongozo huu unamhusu mwalimu huyo, hasa anayeshikia watoto wa kati ya miaka minne na minane, umri ambao neno la mtu mzima lina uzito mkubwa lakini halipokelewi daima kama lilivyokusudiwa.

Kubali mapema kwamba watoto watakujaribu, na kwamba kujaribiwa huko si dharau. Kwa mtoto mdogo, mwalimu wake ni sehemu ya siku yenyewe, kama vile kengele na mlango wa darasa. Anapomkuta mtu mwingine mahali pake, anataka kujua kama siku bado ni ileile aliyoizoea, na kwa kuwa hana maneno ya kuuliza swali hilo, analiuliza kwa vitendo: anasimama wenzake wakiwa wamekaa, anaangusha penseli kwa makusudi, kisha anakutazama usoni. Ukimfokea, anaelewa kwamba siku imeharibika. Ukijifanya hujaona, anaelewa kwamba siku haina mwenyewe. Anachokitafuta ni uthibitisho kwamba mambo ni yaleyale na kwamba leo yana msimamizi.

Kabla hawajaingia

Fika mapema kadiri unavyoweza, utafute orodha ya majina, mpangilio wa viti, ratiba ya siku, utaratibu wa kwenda msalani, taarifa za watoto wenye mzio au maradhi, na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto. Ulizia pia ishara ambayo mwalimu wao huitumia kunyamazisha darasa, iwe ni makofi ya mdundo fulani, wimbo mfupi au mkono ulioinuliwa. Ishara hiyo imechukua wiki nyingi kuzoeleka, na kuiacha ili uanzishe ya kwako kwa ajili ya siku moja ni kujitafutia kazi.

Majina ndiyo yenye faida kubwa kuliko vyote. Mtoto anayeitwa "wewe mwenye sweta nyekundu" hana sababu ya kuamini kwamba unamjua, na asiyejulikana hujiona huru kufanya chochote. Ikiwa hakuna mpangilio wa viti, andika majina kwenye vibandiko, umbandike kila mtoto chake kifuani anapoingia, huku ukilitamka jina lake na kumwomba akusahihishe ukikosea. Mtoto aliyemsahihisha mwalimu asubuhi na kuona amesikilizwa huwa mwepesi wa kusikiliza mchana.

Dakika za mwanzo

Simama mlangoni, inama hadi macho yenu yalingane, msalimie kila mmoja. Wakishakaa, wajibu swali ambalo wote wanalo: mwalimu wetu yuko wapi? Jibu la kweli na fupi linatosha: "Mwalimu wenu leo hayupo. Ameniachia kazi zenu, nami nitakuwa nanyi mpaka wakati wa kwenda nyumbani." Usiwaeleze habari za ugonjwa au matatizo yake, na usiahidi kwamba atarudi kesho kama huna hakika, kwa kuwa kesho hiyo atalipia mwalimu mwingine.

Haitapita muda kabla hujasikia sentensi inayowatoa jasho walimu wote wabadala: "Mwalimu wetu hafanyi hivyo." Wengi huichukulia kama changamoto na kujibu kwamba leo mwalimu ni mimi, jibu ambalo ni la kweli lakini linamlazimisha mtoto achague kati yako na mtu anayempenda. Ni afadhali kumshukuru kwa kukueleza. Kama njia ya mwalimu wake inawezekana, ifuate, kama haiwezekani, sema, "Yeye hufanya hivyo, na akirudi mtaendelea naye vilevile. Leo tutafanya hivi." Kisha endelea na kazi bila kutetea uamuzi wako, kwa sababu maelezo marefu humpa mtoto nafasi ya kubishana.

Kanuni za siku zisizidi tatu, na zitaje mambo yanayoonekana: tunatembea ndani ya darasa, tunainua mkono tunapotaka kusema, mikono yetu haimuumizi mtu. Kanuni kama "tuwe na heshima" ni nzuri kwa wakubwa, lakini mtoto wa miaka mitano hajui heshima inaanzia wapi na kuishia wapi anapogombania rangi ya bluu.

Namna ya kuagiza

Hapa ndipo upole na msimamo huchanganywa vibaya zaidi, na kosa lenyewe huwa kwenye lugha. Msikilize mwalimu mgeni anayeogopa kuonekana mkali: "Watoto, tukusanye vitabu, sawa?" Neno hilo la mwisho limeligeuza agizo kuwa swali, na mtoto mkweli ana haki ya kujibu kwamba si sawa. Vivyo hivyo "mnaweza kukaa chini?" na "naomba basi mninyamazie jamani", ambayo watoto huisikia kama kubembelezwa. Upole ubaki katika sauti, uso na maneno kama "tafadhali" na "asanteni", sentensi yenyewe iwe kamili na iishe kwa nukta: "Tafadhali kusanyeni vitabu, mviweke katikati ya meza."

Mwambie mtoto jambo la kufanya kabla ya kumwambia la kuacha. "Usikimbie" inamwachia kazi ya kukisia anachotakiwa kufanya badala yake, ilhali "tembea polepole" inampa kitendo. "Acheni kelele" inaweza kuwa "semeni kwa sauti ya kunong'ona". Katazo la moja kwa moja liwekwe akiba kwa ajili ya hatari, ili siku utakaposema "simama!" kwa nguvu, watoto wagutuke kwa sababu hawajaizoea sauti hiyo.

Toa agizo moja, au mawili kwa wale wakubwa kidogo, kisha unyamaze. Mtoto mdogo aliyeambiwa afunge daftari, achukue kikombe, asimame nyuma ya kiti na asimsukume mwenzake, atakumbuka kikombe tu. Na kunyamaza huko kuwe kwa kweli. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza mazungumzo ya madarasani katika miaka ya 1970, aligundua kwamba baada ya kuuliza swali, walimu walizoea kusubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuongeza neno, na kwamba waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitokeza kujibu. Yeye alipima maswali, lakini naona kwamba maagizo nayo yanahitaji subira hiyohiyo: mwalimu anayerudia agizo mara nne mfululizo anawafundisha watoto kwamba mara tatu za kwanza hazihesabiki.

Kuhusu sauti, punguza pale ambapo moyo unataka kupandisha. Darasa likichachamaa, mwalimu anayepaza sauti anakuwa mpiga kelele mmoja zaidi. Anayesogea karibu na kusema kwa sauti ya chini na taratibu huwalazimisha watoto watulie ili wamsikie. Hili si rahisi, na siku ya kwanza nilipolijaribu nilijiona kama ninazungumza na ukuta. Lilianza kufanya kazi niliposhika kwanza ishara yao ya makofi, nikangoja mpaka wote wanitazame, ndipo nikasema.

Mtoto asipotii

Mtafiti mwingine wa Marekani, Jacob Kounin, alikuwa akifundisha chuoni alipomkemea mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisoma gazeti, akashangaa kuona wengine, ambao hakuwagusa, wamejikalia wima. Kemeo lilikuwa limesambaa kama viwimbi majini. Alilifuatilia jambo hilo madarasani kwa miaka, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 alieleza kwamba walimu waliofanikiwa hawakutofautiana sana na wenzao kwa namna ya kukemea. Walitofautiana kwa jinsi walivyoonyesha kwamba wanaona kila pembe ya darasa na jinsi walivyoendesha kazi bila kusitasita. Kwa mwalimu mbadala, maana yake ni kwamba tembea. Usijifungie mezani. Mtoto anayejiandaa kumvuta mwenzake nywele mara nyingi huacha anapokuona umesimama karibu naye, bila neno lolote.

Panapolazimu kusema, nenda alipo, inama, mwite jina, useme kwa sauti inayowatosha nyinyi wawili. Taja kitendo, wala usimpe mtoto sifa: "Umemnyang'anya mkasi" ni habari, ilhali "wewe mkorofi" ni hukumu, na mtoto aliyeshahukumiwa na mgeni hana la kupoteza. Kisha tambua hisia yake na uweke mpaka katika pumzi ileile: "Najua unautaka mkasi huu sasa hivi, na kusubiri kunachosha. Zamu ya mwenzako bado haijaisha. Utachora huku ukisubiri, au utakaa hapa na mimi?" Chaguo mbili zote ziwe ambazo wewe unazikubali. Watu wengi hukosea kwa kuweka "lakini" katikati, kwa maana "najua umekasirika, lakini" husikika kama "hasira yako si kitu".

Usitishie jambo usiloweza kulitimiza. Niliwahi kuliambia darasa zima kwamba hakutakuwa na mapumziko, nikitambua kabla sijamaliza sentensi kwamba sina mamlaka hayo na kwamba mimi ndiye niliyeyahitaji zaidi. Kengele ilipolia walitoka, na saa zilizofuata neno langu halikuwa na thamani. Matokeo yawe madogo, yahusiane na kosa na yatimie palepale: aliyemwaga maji kwa makusudi anasaidia kufuta, aliyerusha vitalu vya kuchezea anaviweka kando kwa muda, aliyeharibu mstari anatembea karibu nawe. Akishafanya, jambo limekwisha, usilirejee mchana.

Pakiwa na kupigana, maneno yapungue zaidi: "Simameni. Mikono chini." Watenganishe kwanza, muulize aliyeumia, na uache upelelezi wa nani alianza mpaka pumzi zitulie. Mtoto akikataa kabisa kutulia, au akitoka mbio nje, mwite mwalimu wa darasa la jirani au mkuu wa shule bila kuona aibu, kwa sababu wao wanamjua na wewe humjui.

Mtoto anayelia kwa kumkosa mwalimu wake hahitaji kuambiwa anyamaze. Mpe kazi ndogo ya kweli, kama kugawa karatasi au kuchora picha ya kumwachia mwalimu wake mezani, umkalishe mahali anapokuona. Na yule anayekuja kushtaki kila dakika muulize swali moja: "Kuna mtu ameumia au yuko hatarini?" Kama hakuna, mwambie amweleze mwenzake mwenyewe kisha arudi akuambie ilikuwaje. Wengi hawarudi.

Ripoti ya mwisho wa siku

Kauli ya "nitamwambia mwalimu wenu" huonekana kuwa silaha, ila kila unapoitumia unawaambia watoto kwamba wewe mwenyewe huna uwezo. Waeleze mapema, bila vitisho, kwamba utamwandikia mwalimu wao jinsi siku ilivyokwenda, kisha kabla hawajaondoka wasomee baadhi ya yale mazuri uliyoyaandika, kwa majina: nani aliokota penseli za wenzake, nani alisubiri zamu ingawa ilimwia vigumu. Jitahidi mtoto aliyekusumbua zaidi awe na jambo lake moja la kweli katika orodha hiyo. Yale magumu yaandike kwa maneno ya kitendo na saa, pamoja na ulichofanya, bila kumpachika mtoto jina baya. Kisha weka karatasi hiyo ndani ya daftari la mahudhurio, mahali ambapo mwalimu wao ataikuta atakapoanza kuita majina.