Jinsi ya kusoma majibu ya damu ya nguruwe kwa kuzielewa protini za kirusi cha Aujeszky

Mwanafunzi wa afya ya mifugo hapa Nakuru anayepewa majibu ya maabara yenye alama gB na gE, yaani protini mbili za kirusi cha Aujeszky kinachowaambukiza nguruwe, namshauri achore kirusi chenyewe kabla ya kuisoma karatasi hiyo. Anza na DNA katikati, uizungushie kapsidi, yaani ganda la vipande 162 lililojengwa zaidi kwa protini VP5, kisha utie tegumenti, tabaka la protini lililo kati ya ganda na utando wa nje. Hayo yachore upesi, kwa kuwa jibu unalolitafuta limo utandoni.

Kwenye utando, andika glikoprotini, yaani protini zilizoshikamana na sukari, kwa kufuata kazi zake. gC hujishikiza kwenye heparani salfeti, aina ya sukari iliyo juu ya seli, gD hushikana na kipokezi kiitwacho nektini-1, halafu gB, ikisaidiwa na gH na gL, huunganisha utando wa kirusi na ule wa seli ili ganda lipate kuingia. gE na gI ziandike kwa wino wa rangi nyingine: kirusi huweza kuzaana bila hizo, ila kikizikosa husambaa kwa shida katika mishipa ya fahamu na ukali wake hupungua. Kwa mfano, chanjo ya Bartha, iliyotoka Hungaria, nchi ambako Aladár Aujeszky aliueleza ugonjwa huu mwaka 1902, haina gE.

Sasa uliza nguruwe alichanjwa kwa chanjo gani, kwani kama chanjo hiyo ina gE, kipimo hakitakusaidia kumtenganisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Ikiwa haina, kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi) za gB bila za gE huonyesha chanjo. Zikiwepo zote mbili, nguruwe huyo ameambukizwa kirusi chenyewe, nacho hubaki kimejificha katika neva zake hata akionekana mzima kabisa. Zisipokuwepo zote, usiharakishe kumtangaza salama, maana kingamwili za gE huchelewa. Pima tena baada ya wiki chache, hasa kwa nguruwe aliyenunuliwa sokoni Busia au Kakamega bila historia yake kujulikana. Kwa mtoto anayenyonya, mpime pia mama yake, kwa kuwa kingamwili zilizopitia kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, huonekana katika damu ya mtoto kana kwamba ni zake.