Tetekuwanga: chunguza mdomo wa mtoto

Mtoto mwenye tetekuwanga akikataa chakula, mwangalie mdomoni; vipele hutokea hata humo. Mpe uji wa wimbi uliopoa, mala, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa. Machungwa na krisps ziache kwanza, zinamchoma. Maji anywe kidogo kidogo kutwa nzima.

Kata kucha. Mwogeshe maji ya vuguvugu, mkaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha mpake kalamini, losheni ya kutuliza mwasho. Homa ikipanda, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Aspirini, tafadhali, kamwe: inaweza kudhuru ini na ubongo.

Shule isubiri hadi vipele vyote vikauke vigaga. Na kwenye ploti zetu za Kayole tunakotumia bafu moja, mwambie mapema jirani mjamzito, aulize kliniki.